Nani atamsikiliza usiku? Shajara ya darasa la hifdhi kwa wasioona, Bukavu

Septemba, kufungua

Wanafunzi ni tisa. Sita hawaoni kabisa, watatu wana uoni hafifu. Wawili ni akina mama wa makamo, waliobaki ni vijana na watoto, na mdogo wao bado anang'oka meno ya utoto. Chumba ni kile cha nyuma ya msikiti, huku Kadutu: mkeka, benchi mbili, dirisha moja. Ustadhi mwenyewe haoni tangu utotoni. Alihifadhi Qur'ani huko Maniema kwa kusikia tu, wala hahitaji msahafu. Mwenye macho ni mimi: nashika daftari la mahudhurio, nafungua msahafu mtu akibishana na Ustadhi (mpaka sasa Ustadhi hajashindwa), nakata faili za sauti, na naandika shajara hii kwa ajili ya jamaa wa Goma na Uvira wanaotaka kuanzisha darasa kama hili.

Sharti la kwanza tuliloweka halihusu kusoma. Kila mwanafunzi apite kwanza kwa daktari wa macho. Baba mmoja alikasirika: "Ustadhi, si tunajua haoni? Pesa ya nini?" Binti yake ndiye aliyekutwa na mtoto wa jicho, ugonjwa unaopasuliwa, na kwa mtoto haufai kungojewa, maana ubongo ambao haukuzoeshwa kuona mapema unaweza usijifunze tena. Mama muuza sambaza (dagaa) wa Nyamugo yeye ana presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, ila akitia dawa yake kila siku, kile kidogo kilichobaki kinaweza kulindwa. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Septemba, wiki iliyofuata

Wageni wanakuja kututazama, na karibu wote wana neno moja: Mungu amewanyima macho akawapa kumbukumbu, kwa hawa Qur'ani inaingia yenyewe. Ustadhi huitikia kwa adabu. Mgeni akitoka, anauliza darasa: "Nani hapa imemwingia yenyewe?" Wanacheka.

Mimi neno hilo linanikera, na nitasema kwa nini. Ukiamini kwamba kumbukumbu yao ni karama, basi huna haja ya kuwapa kitu kingine: si kitabu, si simu, si mwalimu wa kudumu. Unampa mtoto nafasi kwenye kona ya chuo, asikilize wenzake wanaosoma, kisha unashangaa akikosea. Watoto wawili wa darasa hili walikaa kwenye kona za namna hiyo kwa miaka.

Tulivyoona sisi, kushika aya mpya hakumsumbui mtu. Anayeona anaishika, asiyeona anaishika, kila mmoja kwa kasi yake. Kazi iko nyumbani, saa mbili usiku. Mtoto anayeona akikwama hufungua msahafu, akatazama, akaendelea. Asiyeona akikwama hubahatisha. Akibahatisha vibaya na kulirudia lile lile mpaka alale, asubuhi analeta kosa lililohifadhiwa barabara, na kulitoa ni kazi kubwa kuliko kufundisha sura nzima. Kwa hiyo kwenye ukuta (mimi ndiye ninayeuona) nimeandika swali moja la mradi: nani atamsikiliza usiku?

Oktoba, mvua

Mvua za Bukavu huanza Septemba na hazituachi mpaka Mei, na chumba chetu ni mabati bila dari. Ikinyesha kweli, hakuna anayesikia. Darasa la wanaoona lingefungua vitabu likasoma kimya. Sisi tunabaki tumekaa. Ustadhi alijaribu kupaza sauti juu ya mvua, akaamka kesho yake bila koo.

Tumekata shauri hivi: mvua ikianza, wanakaa wawili wawili, mdomo kwa sikio, na wanarudia ya zamani. Aya mpya haifundishwi chini ya mvua, kwa sababu herufi inayosikika nusu hushikwa nusu. Fundi ametupa bei ya dari. Tumemshukuru tukamwacha aende. Magunia tuliyoyashona pamoja na kuyatandika chini ya mabati yamepunguza kelele kiasi, na yametuongezea vumbi.

Kuhusu njia, ngazi za Kadutu na utelezi wake hakuna haja ya kuzieleza kwa mtu wa hapa. Motari (waendesha pikipiki) wawili wamekubali kuwaleta akina mama kwa bei isiyobadilika. Vijana wanashuka kwa fimbo zao na kutucheka sisi tunaoanguka.

Oktoba, matamshi

Kuna jambo sikuwahi kulifikiria. Mtoto anayeona hujifunza sehemu kubwa ya matamshi kwa kumtazama mwalimu mdomoni. Kwenye thaa na dhali, ncha ya ulimi inachungulia kati ya meno. Anaiona, anaiga, basi. Hapa mwalimu haoni mdomo wa mwanafunzi, na mwanafunzi haoni wa mwalimu. Ustadhi anafundisha kwa ngozi.

Thaa: uma ncha ya ulimi kidogo, halafu pitisha pumzi. Haa ya "huwa" na haa ya "Rahmani": weka kiganja chako mbele ya mdomo wako, kingine kooni. Ya kwanza pumzi inatoka legevu. Ya pili koo linakaza na pumzi inatoka imebanwa. Ghunna, sauti ya puani: bana pua, kisha sema "inna". Sauti ikikatika, ndipo ilipo ghunna. Watoto wamelipenda hili la pua hata wanalifanya njiani, na mama mmoja alinipigia simu kuuliza kama mwanawe ana mafua.

Madda, yaani kuvuta irabu, ndiyo iliyotupa fikra zaidi. Kwa kawaida mwalimu hukunja vidole, moja, mbili, tatu, nne, na mwanafunzi huvuta sauti akivitazama. Ustadhi anagonga benchi. Mbili kwa madda ya asili, nne au tano, sita kwa ile ya lazima. Pigo linapita kwenye ubao, na wa mwisho kwenye benchi analipata sawa na wa kwanza, bila mtu kushika mkono wa mtu. Waume wa wale akina mama wawili waliokuwa na maswali wameridhika. Kwenye "waladh-dhaalliin" yule mdogo huishiwa pumzi kabla pigo la sita halijafika. Ameambiwa avute pumzi aya inapoanza, asiibe katikati.

Wale ambao lugha zao za nyumbani hazitofautishi sana l na r wamekaa kwenye "Rabbil" muda mrefu kuliko walivyotaka. Ustadhi hawaruhusu kupanda. "Tunajenga," anasema, "jiwe la chini likicheza utarudi kulitafuta."

Novemba, simu

Simu za kugusa zenye TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti, ziko mbili tu darasani. Ni msaada mkubwa, ingawa ile sauti husoma Kifaransa vizuri na majina ya sura kwa namna inayowavunja mbavu. Wengine wote wana simu ndogo za vitufe. Hizo nazo si mbaya: kitufe cha 5 kina kinundu, kidole kikishakipata, vingine vinajulikana. Shida ni kwamba orodha ya faili haisemi. Mwanafunzi anabonyeza mbele, mbele, mbele, asijue amefika wapi.

Tulichofanya ni hiki. Kila faili imepewa namba ya tarakimu tatu, 001 mpaka 114, ili simu izipange kwa mfuatano wa msahafu. Mwanzoni mwa kila faili nimeweka sauti yangu ikitaja jina la sura. Za juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qur'ani, sura zote 37, nimezikata vipande vya aya chache, na baada ya kila kipande pana ukimya wa kutosha kurudia. Msomaji tuliyemchagua ni Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, yule ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alirekodi msahafu mzima kwa tartili (kisomo cha taratibu), wa kwanza kufanya hivyo. Vijana walitaka wasomaji wa siku hizi wenye sauti za kuliza watu. Husary haharakishi, hapambi, na kila herufi unaisikia inapoanza na inapoisha. Kwa mtu ambaye sikio ndilo kitabu chake, hilo linatosha kumaliza mjadala.

Kabla ya kadi zetu za simu zenye faili hizo kuwa tayari, kijana mmoja wa Panzi alijinunulia kadi ya sokoni iliyojaa visomo mchanganyiko. Akaja na Fatiha mpya: "maliki yaumid-din", bila kuvuta ile "maa". Ustadhi akamrekebisha. Kesho yake vile vile. Kwenye Baqara, ambayo alikuwa ameanza kuidokoa peke yake, "yu'minuuna" ikawa "yuuminuuna". Hapo Ustadhi alinyamaza kidogo, akasema: "Huyu hakosei. Huyu ana mwalimu mwingine." Tukaisikiliza kadi: msomaji wa Morocco, riwaya (njia ya kupokea kisomo) ya Warsh, kisomo sahihi cha watu wa Maghribi. Sisi tunasoma riwaya ya Hafs. Mwenye macho angeona msahafu wake na sauti haviendani, akashtuka. Kijana hakuwa na cha kumshtua. Ilibidi aache riwaya ambayo si kosa, na hilo lilimuuma kuliko kuacha kosa. Ameahidiwa kwamba akimaliza Hafs atarudi kwenye Warsh kwa mlango wa mbele.

Novemba, Ijumaa

Msiba kwa jirani. Hakuna darasa.

Novemba, mwisho wa mwezi

Yule binti amepasuliwa jicho la kwanza, na sasa anasoma herufi kubwa kwa miwani. Wazazi wamemhamishia chuo cha kawaida. Tumebaki wanane, alhamdulillahi.

Majibu ya swali la ukutani yanaanza kupatikana. Nyumba nyingi zina mtoto anayesoma chuoni na anayejua kufuata msahafu kwa kidole. Huyo ndiye anayesikiliza usiku. Kazi yake ni moja: akisikia kosa, agonge meza mara moja, asitaje jibu. Mwanafunzi ajitafutie. Akishindwa, ndipo asomewe aya. Tumewaita wadogo hao Jumapili moja, tukawafundisha kugonga na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikowashinda.

Wawili hawana mtu wa namna hiyo nyumbani. Wanapigiana simu wao kwa wao, na salio likiisha wanangoja asubuhi.

Desemba, Takwiri na Infitari

Tumekwama hapa, na najua kila aliyehifadhi juzuu Amma atatabasamu.

Takwiri inasema bahari "sujjirat", Infitari inasema "fujjirat". Takwiri inafika "alimat nafsun maa ahdharat", Infitari inafika "alimat nafsun maa qaddamat wa akh-kharat". Mwendo ni ule ule, mwisho wa aya ni ule ule. Mwanafunzi anaanza Takwiri vizuri kabisa, anafika baharini, anatokea Infitari, na anamaliza Infitari kwa furaha bila habari kwamba amehama sura.

Mwenye macho hujiokoa kwa ukurasa. Anakumbuka: aya hii iko juu, ile iko chini karibu na pembe. Mama wa Nyamugo, aliyesoma msahafu kwa macho kabla hayajaharibika, bado anajiokoa hivyo hivyo. Anasema anaiona karatasi. Lakini karatasi anayoiona ni ya sura alizozisoma zamani, mpya hazina karatasi. Na waliozaliwa hawaoni hawana ukurasa hata mmoja.

Ustadhi amewapa mikono. Unaanzia pingili ya kwanza ya kidole cha mwisho, mkono wa kulia, aya moja kwa kila pingili, vidole vinne, gumba ndilo linalohesabu. Mkono mmoja unabeba aya kumi na mbili, kisha unahamia wa kushoto. Kwa hesabu hiyo "sujjirat", aya ya 6 ya Takwiri, iko mwisho wa kidole cha pete. "Fujjirat", aya ya 3 ya Infitari, iko mwisho wa kidole cha mwisho. "Maa ahdharat" ni aya ya 14, kwa hiyo iko mkono wa kushoto. "Maa qaddamat" ni ya 5, mkono wa kulia. Mtu akisema "ahdharat" na gumba lake bado liko kulia, mkono unamkatalia kabla mwalimu hajamkatalia.

Leo kijana wa Panzi alisimama katikati ya Takwiri, akatikisa kidole cha pete, akarudi nyuma aya moja, akapita sawasawa. Hakuna aliyegonga benchi.

Desemba, Abasa

Sura hii niliisubiri kwa wasiwasi kidogo. Darasa la wasioona, na aya ya pili inasema "an jaa'ahul a'maa", kwa sababu alimjia kipofu. Ustadhi aliwasimulia kisa chake: Abdullah bin Ummi Maktum alivyokuja kuomba afundishwe wakati Mtume, rehema na amani zimshukie, akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, na maneno yaliyoteremka kwa ajili yake. Nilidhani watahuzunika au watajivuna. Waliuliza maswali ya njia.

"Alikuja na nani, Ustadhi?"

"Kisa hakikutaja mtu."

"Na hapo mbele imesemwa 'yas'aa'. Alikuja anakwenda mbio? Makka si milima na mawe?"

"Milima na mawe."

"Basi Kadutu tusiitaje tena," akasema mama wa Nyamugo, na darasa likachukua muda kutulia.

Kisha Ustadhi akawapa ya adhana: kwamba Bilali aliadhini usiku ungalipo, na Ibn Ummi Maktum ndiye aliyeadhini alfajiri, lakini hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha, kumekucha. Yule mdogo wetu alifikiri, akasema: "Kumbe na yeye alikuwa na mtu wa kumwambia." Tangu siku hiyo ameacha kumwonea haya dada yake anayemgongea meza usiku.

Naongeza hapa ombi kwa wageni wetu wapenzi. Aya ya Suratul Haji isemayo kwamba yanayopofuka si macho, bali mioyo iliyomo vifuani, wanafunzi wanaijua. Wamesomewa na kila mgeni tangu Septemba. Njooni na karatasi nene za Braille, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole.

Januari, nukta

Msafiri ametuletea juzuu Amma ya Braille. Mzee mmoja wa msikitini hakupendezwa: Qur'ani ilihifadhiwa vifuani, nukta za nini? Ustadhi hakubishana. Alisema tu kwamba vifua vyenyewe vilikuwa na watu wa kuvisikiliza, na huyu mtoto wa Cimpunda usiku hana mtu.

Vijana wawili wamepita shule ya wasioona na wanasoma Braille ya Kifaransa. Kwao kazi imekuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Braille ya Kiarabu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, si kama maandishi ya wino, na zaidi ya nusu ya herufi ni nukta zile zile wanazozijua: alifu ni nukta ya a, baa ni b, dali ni d, lamu ni l, mimu ni m. Kasra ni e yao, dhamma ni u yao. Mgeni kwao ni jamaa ya koo: aini, ghaini, haa, na zile nzito.

Jambo lililonifurahisha mimi ni kuandika. Kwa tableti na puanso (kibao na sindano ya kutobolea), karatasi hutobolewa kwa nyuma, kwa hiyo mkono huanzia kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi unasoma kushoto kwenda kulia. Kidole kinasoma kwa njia ya Kifaransa na mkono unaandika kwa njia ya Kiarabu.

Kwa wengine ni pole pole. Irabu katika Braille hazikai juu ya herufi, kila moja inachukua nafasi yake mstarini, ndiyo maana aya fupi inakuwa ndefu chini ya kidole na msahafu mzima haufungiki katika jalada moja. Mama wa pili, anayelima kwa jembe Bagira, vidole vyake vimeota sugu na nukta havizisikii. Tumejaribu maji ya vuguvugu na mafuta, tumejaribu kidole cha pete cha kushoto, ambacho jembe halikukiharibu. Hicho kinasikia kidogo. Amekwisha kusoma "qul" peke yake, na akakataa kwenda nyumbani mpaka aisome tena.

Swali la udhu limekuja, kama kawaida. Wapo wanavyuoni wanaotofautisha nukta na maandishi ya wino. Sisi hapa tumeshika lililo salama: udhu kwanza, hata maji ya asubuhi yakiwa ya baridi namna ile ya Bukavu.

Shaabani

Wawili wamemaliza juzuu Amma na kuisoma yote kikao kimoja mbele ya Ustadhi. Kijana wa Panzi amebakiza Naba na Naziati. Mama wa Nyamugo yuko Mutaffifina na hana haraka. Dawa yake ya macho haijakatika. Mdogo wetu amefika Fajri. Mama wa Bagira anahifadhi kwa sikio upande mmoja na kusoma kwa kidole upande mwingine, na viwili hivyo bado havijakutana. Mtoto wa Cimpunda yuko kati ya Dhuha na A'laa. Mmoja ameacha kuja tangu mwisho wa Januari. Familia imehama, simu haipatikani.

Imamu ameomba mmoja wa wale wawili asimame rakaa za mwanzo za tarawehe katika juma la kwanza la Ramadhani. Kijana alikubali, kisha akauliza nani atakuwa nyuma yake wa kumrekebisha. Ameambiwa ni Ustadhi.

Yaliyobaki kabla ya mwezi kuandama: kukata faili za juzuu Tabaraka, Mulk kwanza, kumtafutia mtoto wa Cimpunda mtu wa kumsikiliza, kwa sababu Braille yake bado haijafika mbali, kushona upya yale magunia upande wa dirisha, na karatasi nene, ambazo zimebaki chache na mama wa Bagira anazimaliza kwa kuandika "qul".